Lori Moja la Mchanga Lina Mitungi Mingapi ya Maji?

Somo la safari hii ni refu kidogo, kwa hivyo mnaweza kuligawa mara mbili. Siku ya kwanza someni na mfanye jaribio la debe. Siku ya pili mwende mtoni.

Tukisikia mtu akitaja uchimbaji wa madini, mawazo yetu huenda mbali. Tunafikiria dhahabu ya Migori, au magadi ya Ziwa Magadi, au titani ya Kwale ambayo ilichimbwa mpaka Desemba 2024. Tunafikiria kampuni kubwa, mashine na ua wa seng'enge. Ni wachache wanaofikiria ule mto ulio chini ya shamba, vijana sita wenye mabeleshi, na lori ambalo namba yake imepakwa matope isisomeke. Lakini huo pia ni uchimbaji. Kwa watu wa Machakos, Makueni, Kitui na Kajiado ndio uchimbaji ulio karibu na mlango wetu, na hauhitaji kampuni wala mashine. Sisi wenyewe tunaufanya, na sisi wenyewe tunaumia.

Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, ambalo ofisi zake kuu ziko Gigiri hapa Nairobi, lilieleza mwaka 2022 kwamba dunia hutumia karibu tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Ukiacha maji, hakuna kitu kingine watu wanachotumia kwa wingi kama huo. Kila ghorofa la Nairobi lina mchanga ndani, kila daraja, kila choo cha shule. Na tusijifanye watakatifu. Sisi tunaoandika ukurasa huu tumejengewa ukumbi wa mikutano, na siku malori yalipomwaga mchanga pale uani hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ulitoka mto gani.

MKUTANO CHINI YA MGUNGA

Tulialikwa na kikundi kimoja cha Ukambani. Hatutataja jina, kwa sababu mpaka leo bado wanazungumza wao kwa wao na hatutaki kuwaongezea maneno. Kikundi hiki kilijenga bwawa la mchanga kwa mwethya, yaani kazi ya pamoja. Akina mama walibeba mawe kwa mgongo, wazee walichonga, vijana wakakoroga simiti. Tulikwenda kuwapongeza na kuona kama mto umejaa.

Tulipofika tukakuta mkutano umegawanyika pande mbili. Akina mama walikuwa wamekaa upande wa mitungi yao mitupu. Walisema zamani visima vya mchangani vilikuwa vikitoa maji mpaka mvua za Oktoba zianze. Mwaka ule vilikauka Agosti. Sasa wanakwenda saa tatu kwenda na saa tatu kurudi. Upande wa pili walikuwa vijana, wengi wao ni watoto wa akina mama wale wale. Wao ndio walikuwa wakipakia malori, mara mchana, mara usiku, sehemu ya juu kidogo ya bwawa.

Mama mmoja akasimama akamwambia kijana wake mbele ya watu wote, "Mwanangu, mimi nilibeba mawe ya ukuta huu nikiwa na mimba ya ndugu yako." Kijana hakuinua macho. Akajibu pole pole, "Mama, na karo ya huyo ndugu yangu, muhula uliopita ilitoka wapi?"

Watu wakanyamaza. Sisi wageni pia tulinyamaza. Tulikuwa tumebeba hotuba nzuri juu ya kutunza mazingira, lakini pale ilikuwa haina kazi. Kijana alikuwa amesema kweli, na mama yake pia. Kitu ambacho kilikosekana katika mkutano ule ni hesabu. Hakuna mtu aliyejua lori moja linabeba maji kiasi gani. Wote waliona linabeba mchanga tu.

JARIBIO LA DEBE MBILI

Mto wetu wa msimu hutiririka siku chache tu baada ya mvua, pengine saa chache. Halafu juu panakauka. Mgeni akipita husema mto huu ni mkavu. Lakini mama anayechota anajua kwamba mto haujakauka, umejificha. Maji yamekaa katikati ya chembe za mchanga, juu ya mwamba au udongo mgumu ambao hauyapitishi. Kwa hivyo mchanga ule ndio tangi letu.

Msiamini maneno yetu bure. Fanyeni hivi.

Chukueni debe mbili za lita 20 zinazolingana. Toboeni matundu madogo chini, kisha myazibe kwa vijiti. Debe la kwanza lijazeni mchanga mkavu wa mto, ule mnene ambao fundi anaupenda. La pili lijazeni udongo laini wa tope kutoka ukingoni, ukiwa umekauka na kupondwa. Sasa mimineni maji kwa kikombe cha lita moja, mkihesabu kwa sauti, mpaka maji yaonekane juu. Debe la mchanga litameza lita sita, saba, hata nane. La udongo litawachosha, maji yataingia kama mtu anayesita kuingia nyumba ya wakwe.

Halafu wekeni sufuria chini ya kila debe na mng'oe vijiti. Subirini mpaka matone yakome, kisha mpime. Kutoka kwa mchanga mnene mtapata karibu lita tano. Mkipata nne msishangae, labda mchanga wenu ni laini kidogo. Kutoka kwa udongo mtapata kidogo sana, kwa sababu udongo hushika maji na hautaki kuyaachilia.

Katika jaribio hili kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba karibu robo ya tangi la mchanga ni maji ambayo tunaweza kuyachota. La pili watu wengi hawalioni: mchanga ule mnene ambao maji yanaupenda ndio ule ule ambao mjenzi anautaka. Lori halichukui tope. Linachagua sehemu bora ya tangi na kutuachia sehemu ambayo haitoi maji. Ndiyo sababu utasikia watu wakisema, "Mchanga bado uko, mbona maji hayapo?" Uliobaki si ule uliokuwapo.

Tena mchanga hufanya kazi ya kifuniko. Jua la Septemba hukausha mchanga wa juu, lakini ukichimba kina cha mkono mzima unakuta baridi na unyevu. Jua halifiki huko kwa urahisi. Shimo likichimbwa likaacha maji wazi, jua linayanywa mchana kutwa, ng'ombe wanakanyaga, mbu wanazaa. Na mchanga ni chujio pia. Maji ya kisima cha mchangani ni masafi kuliko ya shimo lililo wazi, ingawa bado tunawahimiza myachemshe.

SASA TUPIGE HESABU

Mwenye kalamu na daftari akae karibu. Wale ambao hawakusoma sana watafuata vizuri wakihesabu kwa mitungi, kwa maana mtungi wanaujua kuliko mwalimu.

Chukua lori ambalo sanduku lake lina urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, na mchanga umejazwa sentimita 75 kwenda juu. Zidisha, utapata mita 6 za ujazo. Robo yake ni mita moja na nusu, na kila mita ya ujazo ni lita 1,000. Kwa hivyo mchanga wa lori lile ulikuwa na nafasi ya lita 1,500 za maji, yaani mitungi 75 ya lita 20.

Ikiwa nyumba moja inatumia mitungi 5 kwa siku, lori moja limeondoka na maji ya siku moja ya nyumba 15. Na si kwa siku hiyo tu. Nafasi ile ingejazwa tena kila mvua, za Machi na za Oktoba, bila mtu kulipa senti. Lori limelipa mara moja. Sisi tutakosa maji yale kila msimu, mpaka mto utakapoleta mchanga mwingine.

Tuendelee. Chukua kipande cha mto chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 10 na mchanga wa kina cha mita 2. Hizo ni mita 2,000 za ujazo. Robo yake ni mita 500, ambazo ni lita 500,000, au mitungi 25,000. Nyumba 50 zikichota mitungi 5 kila moja zinatumia mitungi 250 kwa siku. Mitungi 25,000 itawatosha siku 100. Mkianza kuhesabu Julai mosi mtafika mapema Oktoba. Si huo ndio ule muda wa taabu?

Sasa waje watu watoe mita moja tu ya mchanga katika kipande hicho, wabakishe mita moja. Wametoa mita 1,000 za ujazo, ambazo ni kama malori 167. Malori manne kwa siku yanamaliza kazi hiyo kwa siku 42. Na tangi lililobaki ni la siku 50 badala ya 100. Mtakauka Agosti, kama wale akina mama walivyokauka. Walipotueleza hatukuelewa. Tulipopiga hesabu hii jioni ile, tukiwa na taa ya kandili, kila mtu alisimama kuangalia daftari.

Tunakubali kwamba hesabu yetu ina kasoro. Maji mengine huingia mchangani pole pole kutoka kwenye kingo, na hayo hatukuyahesabu. Mengine hupotea chini. Mto wenu unaweza kuwa mwembamba, lori lenu linaweza kuwa kubwa zaidi. Badilisheni tarakimu, njia ni ile ile. Tena wekeni bei. Mtungi mmoja huuzwa kwenu kwa shilingi ngapi wakati wa kiangazi? Kama ni shilingi 20, mitungi 75 ni shilingi 1,500, na mvua ni mara mbili kwa mwaka. Halafu ulizeni kijiji kilipata ngapi kwa lile lori.

KINGO, MADARAJA NA UKUTA WENU WENYEWE

Mchanga ukitolewa sakafu ya mto inashuka. Kingo zinabaki zimesimama kama ukuta, na mafuriko ya kwanza yanazikata kutoka chini. Shamba linaanguka kipande kwa kipande, pamoja na migomba, makonge na ule mti mkubwa uliokuwa kivuli cha mifugo. Vijito vinavyoingia mtoni navyo vinaanza kujichimba kurudi nyuma ili vifikie sakafu mpya, na hivyo makorongo yanaingia mashambani mwa watu ambao hawakuuza hata beleshi moja la mchanga. Hii ni dhuluma ambayo husahaulika. Anayepata pesa yuko hapa, na anayepoteza shamba yuko kilomita moja juu.

Madaraja nayo husimama juu ya nguzo zilizozikwa. Mchanga ukiondoka, nguzo zinabaki uchi. Siku daraja likienda, watoto hawaendi shule na mgonjwa anabebwa kwa machela akisubiri maji yapungue.

Kwa vikundi vyenye mabwawa ya mchanga tuseme hivi kwa nguvu zaidi. Ukuta ule mliujenga juu ya mwamba ili uzuie mchanga na maji nyuma yake. Kikundi cha Utooni kule Machakos kilianza mwaka 1978 na kimekuwa mwalimu wa vikundi vingi katika kazi hii. Ukuta mzuri huhitaji msimu mmoja mpaka misimu kadhaa kujaa mchanga. Mtu akiutoa ule mchanga wa nyuma, ni kama ametoboa tangi. Lakini hata akichimba mbele ya ukuta, upande wa chini, kuna hatari. Maji yanayoruka juu ya ukuta yatapiga pale palipochimbwa, yachimbue msingi, na siku moja mtakuta maji yanapita chini ya ukuta wenu. Ukuta utakuwa umesimama, mzuri kabisa, na hauna kazi.

WATU NAO

Mashimo ya mchanga huua. Kijana anachimba chini ya ukingo kwa sababu pale mchanga ni mzuri, ukingo unashuka, na wenzake hawana kitu cha kumtolea isipokuwa mabeleshi yale yale. Watoto wa darasa la sita na la saba wanaacha shule siku ya lori, mara ya kwanza kwa ajili ya viatu, mara ya pili kwa kuwa wamezoea kushika pesa. Usiku, mahali malori yanapolala, panazuka pombe, na akina mama mnajua mengine yanayofuata, hatuna haja ya kuandika. Na Ukambani watu wameuawa kwa sababu ya mchanga, wengine kwa sababu walisimama njiani wakasema hapana.

Sasa turudi kwa yule kijana na karo ya ndugu yake. Tulikaa na vijana peke yao baadaye, tukawaomba watufundishe biashara yao. Walichora kwa kidole mavumbini. Walipo wao ni chini kabisa. Juu yao kuna broka mwenye simu ya dereva. Juu yake kuna mwenye lori, halafu muuzaji wa mjini, halafu mjenzi. Katika mlolongo wote ule, wanaopata kidogo zaidi ni wale wanaoingia shimoni. Hiyo pesa kidogo wanagawana watu sita. Mmoja wao akasema, "Sisi si wezi wa mto. Sisi ni vibarua tu, na hatujui bei ya mwisho." Hatukuona sababu ya kumbishia.

Kwa hivyo hatusemi kwamba hakuna mchanga unaoweza kuuzwa. Mto wenye mchanga mwingi, mahali ambapo hakuna kisima wala daraja, unaweza kutoa kiasi. Vyoo vyetu na madarasa yetu yanauhitaji pia. Tunachopinga ni kuuza tangi bila kujua kwamba ni tangi, na kuuza kwa gizani ambako hata bei haijulikani. Ukataji wa mkaa tuliupinga kwa makelele miaka mingi bila kumpa mchoma mkaa kazi nyingine, na mnajua matokeo yake. Tusirudie.

SHERIA INASEMA NINI

Wengi hudhani mto ni wa yule ambaye shamba lake limepakana nao. Sivyo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 62, inaweka mito katika ardhi ya umma. Kwa hivyo jirani akikuambia, "Nauza mchanga wangu," mwulize kwa heshima ni nani alimpa huo mto.

Mwaka 2007 NEMA ilitoa mwongozo wa taifa juu ya uvunaji wa mchanga. Kati ya mambo yaliyomo ni kwamba mchanga usichimbwe ndani ya mita 100 kutoka kwa daraja, barabara au reli, upande huu na ule. Kazi ifanywe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Uchimbaji uwe mahali palipotengwa, na malori yafuate njia iliyotengwa. Basi lori la saa nane usiku limekosea kabla hata hatujauliza lingine. Kaunti nazo zinaweza kuwa na sheria zao. Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na ikaunda mamlaka maalum ya kazi hiyo. Ulizeni kwa ofisi ya wadi yenu sheria ya kaunti yenu inasemaje.

Kuna kifungu kingine ambacho tungependa kila mwandishi wa kikundi akinakili katika jalada la daftari. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinasema mtu anaweza kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa au ikiwa karibu kuvunjwa, na hahitaji kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Zamani tuliambiwa, "Wewe umeumia wapi?" Sasa swali hilo halikufungii mlango. Hata hivyo korti ni safari ndefu na ya gharama. Anzeni na baraza la chifu, chama cha watumiaji maji cha mto wenu, yaani WRUA, na ofisi ya NEMA ya kaunti.

Mkiona lori la usiku, msiende na mawe na panga. Tunarudia, msiende. Andikeni tarehe, saa, mahali, namba ya gari kama inasomeka, na upande lilikoelekea. Watu wawili watie sahihi. Daftari lenye maandishi ya miezi mitatu litasikilizwa ofisini kuliko watu mia moja wenye hasira, na halimzishi mtu wenu.

KAZI YA SIKU YA PILI: KUPIMA MTO

Tafuteni nondo ndefu, ya mita tatu hivi, na mtie alama ya rangi kila sentimita 50. Mwende mtoni wakati wa kiangazi, akina mama, wazee na vijana wa mchanga pia. Msiwaache hao vijana nyumbani. Wao wanaujua mto kuliko sisi sote, na mkipima bila wao watasema mmedanganya.

Kila baada ya hatua 20 chomeni nondo katikati ya mto mpaka igonge mwamba, msome kina, mwandike. Pimeni upana kwa kamba. Mkimaliza mtakuwa na picha ya tangi lenu, na kwa ile hesabu ya juu mtajua lina mitungi mingapi. Kisha tafuteni mwamba usiosogea au nguzo ya daraja, mpake mstari wa rangi usawa wa mchanga. Baada ya kila mvua rudini mwone mchanga uko wapi. Ukipanda, mto umeleta. Ukishuka mvua mbili mfululizo, mnatoa kuliko mto unavyoleta, na hapo hakuna wa kubishana naye, mwamba wenyewe umesema.

Baada ya hapo ndipo mgawanye mto. Sehemu za visima, za bwawa na za daraja zisiguswe kabisa. Kama kuna sehemu ambayo mchanga umezidi, kikundi na vijana wakubaliane, wapate kibali, waweke njia moja ya malori, mchana tu, na kila lori liandikwe na lilipe mbele ya watu wawili. Sehemu ya pesa iende kwa kingo, kupanda makonge na nyasi za napia na kufanya matuta katika mashamba ya juu. Hapo vijana wanaweza kulipwa kwa kazi hiyo pia. Haitakuwa pesa nyingi kama ya lori, tusidanganyane.

Kile kikundi cha chini ya mgunga kilifika mpaka kupima. Walipata kwamba juu ya ukuta wao kulikuwa kumebaki mchanga wa chini ya mita moja sehemu kubwa, na mahali pengine nondo iligonga mwamba mara moja. Kijana yule ndiye aliyekuwa ameshika nondo. Walikubaliana kufunga mto mita 300 juu ya ukuta, na wakapeleka barua kwa chifu na kwa kaunti. Kuhusu sehemu ya chini, hawajakubaliana. Vijana wanataka malori mawili kwa siku, akina mama wanasema yasipite mpaka mvua mbili zipite kwanza. Mara ya mwisho tulipopata habari, mkutano ulikuwa umeahirishwa na mwenyekiti alikuwa ameomba kujiuzulu, wakamkatalia.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

Visima vyenu vya mchangani vilikauka mwezi gani mwaka jana, na miaka kumi iliyopita vilikuwa vikikauka mwezi gani? Waulizeni hasa wale mama wazee.

Katika kikundi chenu ni nyumba ngapi zimepata pesa ya mchanga mwaka huu, hata mara moja? Ilitumika kwa nini? Jibuni bila kuaibishana.

Ikiwa vijana wataacha kupakia kuanzia mwezi ujao, ni kazi gani ambayo kikundi kinaweza kuwapa kabla ya muhula wa shule kufunguliwa, na nani atawalipa?